Shombo haiondoki kwa ndimu: ipimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Kwenye kurasa za matangazo madogo za magazeti yetu, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, haipiti wiki bila tangazo la dawa ya "kusafisha kizazi", "kukausha maji" na "kuondoa harufu ukeni". Bei imeandikwa, namba ya simu imeandikwa, ila haijaandikwa popote harufu hiyo inatoka wapi. Sisi ni wauguzi wakunga na wafamasia tunaohudumia wanawake mkoani Tanga. Tunaomba nafasi ya kueleza kwamba harufu isiyo ya kawaida ukeni ina sababu zinazojulikana, kwamba nyingi kati yake hupimika kwa dakika chache kwa vifaa vya bei ndogo, na kwamba sehemu kubwa ya vitu vinavyouzwa kuiondoa ndivyo vinavyoirudisha. Msomaji atakayeona haya kulifungua gazeti hili mbele ya mkwewe atuwie radhi. Barua hii haiwezi kuandikwa kwa mafumbo.

Tuanze na uke wenye afya. Nao una harufu yake: ukali kidogo wa mtindi. Siku za hedhi hunuka chuma chuma kwa sababu ya damu. Baada ya kutwa nzima juani hunuka jasho, kwa kuwa kinena kina tezi za jasho za aina ileile ya kwapani. Ute wa kawaida huwa mweupe au hauna rangi, huvutika katikati ya mwezi yai linapokomaa, na ukikaukia kwenye chupi huacha doa la manjano hafifu. Hapo hapana la kutibu. Ule ukali ndio ulinzi wenyewe. Kuta za uke, kwa nguvu ya homoni ya estrojeni, huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Bakteria rafiki waitwao laktobasili huishi kwa sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Kwa hiyo pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba yake hushuka asidi inapozidi, ya uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kwa kawaida hukaa kati ya 3.8 na 4.5, na vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi humo.

Harufu inayowaleta wengi kliniki ni shombo. Mara nyingi chanzo chake ni vajinosisi ya bakteria: laktobasili wamepungua, na nafasi yao imechukuliwa na Gardnerella vaginalis pamoja na kundi la bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hii huwapata kati ya asilimia 23 na 29 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Basi katika foleni ya wanawake wanne pale dirishani, mmoja huenda anayo, na wala si yule asiyeoga.

Bakteria hao hutoa kemikali ziitwazo amini. Mojawapo, trimethilamini, ndiyo ileile inayotoa harufu ya samaki aliyelala. Amini zikiwa kwenye asidi hutulia. Zikikutana na alikali, yaani kinyume cha asidi, hupaa hewani na kufika puani. Shahawa zina pH inayozidi 7, na damu ina pH ya karibu 7.4. Ndiyo sababu shombo huvuma mara tu baada ya tendo la ndoa bila kondomu, na tena hedhi inapoelekea kwisha. Mume huidhani kuwa ushahidi wa uchafu au wa uasherati, mke naye hukimbilia sabuni. Sabuni ya kipande ni alikali. Anayejisugua ndani kwa sabuni ili akate shombo huipandisha, kisha huwaosha na wale laktobasili wachache waliobaki.

Mpishi yeyote wa pwani anajua kuwa ndimu hukata shombo ya samaki, na kemia yake ni hiyohiyo: asidi huzifunga amini. Wazo la kujiosha kwa ndimu au siki limepata nguvu hapo, kwani kwa saa chache hufanya kazi kweli. Lakini maji ya ndimu yana pH ya zaidi kidogo ya 2, na ukali huo huchubua ngozi laini ya ndani. Samaki aliyekufa haumwi na ndimu, mtu huumwa. Bakteria wenyewe hawaendi popote, maana hujishikiza ukutani ndani ya utando walioujenga wao. Maji ya ndimu yakishachuruzika, shombo hurudi na kukuta ukuta una michubuko. Michubuko hiyo si jambo dogo. Uchunguzi uliowafuatilia kwa miaka 10 wanawake wanaofanya biashara ya ngono mjini Mombasa, uliochapishwa mwaka 2006, uliona kuwa waliojiosha ndani ya uke kwa maji matupu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU kuliko wasiojiosha, na kwa waliotumia sabuni au vitu vingine hatari hiyo ilikaribia mara nne. Yanayosemwa hapa kuhusu ndimu yanahusu pia shabu, ugoro, maji ya chumvi, kitunguu saumu na dawa za kuoshea vidonda. Mtindi nao ni chakula kizuri, na unywewe. Bakteria wanaogandisha maziwa si jamii ile inayoishi ukeni, hivyo kuupaka ndani hakuleti ulinzi uliopotea.

Siku hizi kuna hizi "lulu" za mitishamba: kifurushi kidogo cha kitambaa chenye majani makavu, kinachoingizwa na kuachwa humo siku nzima au zaidi. Kikitolewa, hutoka vipande vyeupe na vya kahawia, muuzaji huvipiga picha na kuviita uchafu wa kizazi. Ni tabaka la ngozi ya uke lililokufa kwa kuunguzwa, pamoja na ute uliomwagika kwa kujitetea. Kizazi kiko juu ya mlango wake na kifurushi hakifiki huko. Wala hakuna uchafu wa mwaka jana uliojificha ndani yake, kwa kuwa utando wake wa juu hutoka kila hedhi. Kujifukizia chini kwa chetezo nako hukausha na kuunguza. Udi ubaki kwenye nguo na nywele.

Kosa jingine, na hili linatuhusu hata sisi wa sekta ya afya, ni kuliita kila tatizo la ukeni fangasi, au PID kama ilivyo mtindo wa mitandaoni. Fangasi kwa kawaida hawanuki. Dalili yao ni kuwasha, kuwasha kunakomnyima mtu usingizi, pamoja na uchafu mzito mweupe unaomeguka na uwekundu wa mashavu ya uke. Mkojo ukipita huchoma. PID ni maambukizi ya kizazi na mirija, na dalili yake kuu ni maumivu chini ya kitovu, wakati mwingine na homa, na maumivu ya ndani wakati wa tendo. Harufu peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa PID. Vajinosisi ya bakteria huleta shombo na uchafu mwepesi wa rangi ya maziwa au kijivu, unaopaka ukuta wote kwa usawa, na mara nyingi hauwashi kabisa. Trikomonasi, ambayo ni kidudu kinachoambukizwa kwa ngono, nayo hunuka, lakini pamoja na kuwasha, maumivu ya mkojo na uchafu wa manjano au kijani ambao wakati mwingine una povu. Kisonono na klamidia zinaweza kukaa kimya bila harufu wala uchafu wowote.

Maelezo haya yanasaidia kukisia tu, hayatoshi kumtibu mtu. Wanawake wengi wana mambo mawili kwa pamoja, na macho hudanganya. Vituo vingi hutibu kwa kufuata dalili, yaani mgonjwa akisema anatokwa na uchafu hupewa dawa za maradhi kadhaa kwa mpigo. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya mahali pasipo na maabara, na umewanusuru wengi. Ubaya wake ni kwamba mwanamke anayerudi mara ya tatu na shombo ileile hupewa mfuko uleule, na hakuna aliyetazama.

Kutazama hakugharimu sana. Muuguzi aliyefundishwa huingiza spekulamu, kifaa cha kupanulia uke, iliyoloweshwa kwa maji tu, si jeli, kwa sababu jeli huharibu kipimo. Kwa kijiti cha pamba huchukua ute kwenye ukuta wa pembeni wa uke, na si mlangoni mwa kizazi ambako ute kwa asili una pH ya juu. Ute huo hupakwa kwenye karatasi ya pH. Karatasi iwe ile inayosoma kuanzia takriban 4 hadi 7. Ile ya 1 hadi 14 haionyeshi vizuri tofauti kati ya 4.2 na 5, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa. pH ikizidi 4.5, fikiria vajinosisi au trikomonasi, ikiwa 4.5 au chini yake na mgonjwa anawashwa, fikiria fangasi. Kisha ute kidogo huwekwa kwenye slaidi, yaani kioo chembamba cha maabara, na kudondoshewa tone moja la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Shombo ikilipuka papo hapo, amini zipo. Slaidi ya pili hutiwa tone la maji ya chumvi ya hospitali na kutazamwa kwa hadubini: seli za ukuta zilizofunikwa na bakteria hata kingo zake zikawa na ukungu huonyesha vajinosisi, na trikomonasi huonekana wakichezacheza. Hawa wa mwisho hutaka haraka. Slaidi ikipoa huacha kucheza, na mtu wa maabara huandika "hakuna" ilhali wapo, hivyo itazamwe ndani ya dakika 10 hivi.

Vigezo hivi viliwekwa mwaka 1983 na bado vinatumika: uchafu mwepesi wa rangi moja, pH inayozidi 4.5, shombo kwenye tone la haidroksaidi, na zile seli zenye ukungu zikiwa angalau moja kwa kila tano. Vitatu kati ya vinne vikitimia, ni vajinosisi. Kituo kisicho na hadubini bado kinaweza kupata viwili au vitatu, na hilo ni bora kuliko kubahatisha.

Mwanamke anayekwenda kupimwa naye ana sehemu yake. Asijioshe ndani siku hiyo wala siku ya kabla yake. Asifanye tendo la ndoa kwa saa 24, kwa sababu shahawa hupandisha pH. Asiwe katikati ya hedhi, isipokuwa ana homa au maumivu, maana hapo hangoji siku. Na kama ameshaweka kidonge chochote ukeni, aseme. Wengi huja wameoga kwa manukato ili wasimkere mpimaji, na hivyo kufuta ushahidi waliokuja kuuonyesha.

Vajinosisi ikithibitika, dawa ya kwanza ni metronidazoli, ile wengi wanayoiita Flagyl, miligramu 400 hadi 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Kwenye maduka yetu vidonge vingi ni vya miligramu 200, hivyo hesabu ni vidonge viwili asubuhi na viwili usiku, jumla vidonge 28. Hesabu hii ndiyo inayoharibika kila siku dukani. Mtu huuziwa vidonge 10 "vya kuanzia", au hupewa dozi ya tumbo ya mara tatu kwa siku kwa siku tano, au humeza gramu 2 kwa mkupuo, dozi ambayo kwa vajinosisi huponya wachache zaidi. Siku ya tatu harufu huwa imekata na vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini. Wanaobaki hai ni bakteria walio ndani ya utando, na baada ya wiki chache hutoka upya.

Dawa hii imezwe baada ya chakula. Huacha ladha ya chuma mdomoni, huleta kichefuchefu, na mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai. Hayo si madhara ya kuacha dozi. Pombe iachwe hadi saa 48 baada ya kidonge cha mwisho. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini amwambie mfamasia kabla, kwani metronidazoli huizidishia nguvu. Mjamzito anaweza kuitumia kwa dozi ya siku 7, na ni muhimu atibiwe akiwa na dalili, kwa sababu vajinosisi huambatana na uchungu wa kabla ya wakati. Asiyeivumilia metronidazoli hupewa klindamaisini, miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 7, au krimu yake ya asilimia 2 inayowekwa ukeni gramu 5 kila usiku kwa siku 7. Krimu hiyo ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira wakati wa dozi na kwa siku kama tano baadaye. Muuzaji asiposema, mtu huona kondomu imepasuka na kulaumu kondomu.

Baada ya dozi ya bakteria, wengine huanza kuwashwa. Hao sasa kweli wana fangasi, kwa kuwa dawa imewaondoa washindani wao. Kidonge kimoja cha ukeni cha klotrimazoli cha miligramu 500, au cha miligramu 100 kila usiku kwa siku 6 au 7, hutosha kwa wengi. Flukonazoli ya kumeza ya miligramu 150 mara moja pia hufanya kazi, lakini mjamzito asiimeze.

Tatizo linalowachosha wanawake zaidi ni kurudi kwa shombo. Hata baada ya dozi kamili, zaidi ya nusu huiona tena ndani ya miezi 12. Kwa miaka mingi jibu la vitabu lilikuwa kwamba kumtibu mume hakusaidii, kwa sababu majaribio ya zamani ya kumpa vidonge peke yake hayakuzaa matunda. Jibu hilo limetikiswa. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2025 uliwatibu wanaume wa wanandoa na wapenzi wasio na mwenza mwingine kwa njia mbili kwa pamoja: metronidazoli ya kumeza miligramu 400 mara mbili kwa siku, na krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 iliyopakwa kwenye uume mara mbili kwa siku, yote kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 shombo ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ambao wenzao walitibiwa, na kwa asilimia 63 ya wale ambao wenzao hawakutibiwa. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki, majaribio ya tohara ya Rakai, Uganda, yalikwisha kuonyesha kuwa wake za wanaume waliotahiriwa hupata vajinosisi kwa nadra zaidi. Kwa hiyo bwana anayemtuma mkewe hospitali peke yake, na kumkaripia akirudi bado ananuka, ajue kuwa bakteria hao hukaa na kwake, chini ya ngozi ya mbele na kwenye njia ya mkojo. Kama shombo inarudi tena na tena, waende wote wawili. Kuna pia dozi ya muda mrefu, jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75 mara mbili kwa wiki kwa zaidi ya miezi mitatu, ambayo daktari huweza kuipanga. Wanaonunua asidi ya boriki mtandaoni waelewe kuwa ni sumu ikimezwa, huua watoto, na mjamzito hatakiwi kuigusa.

Kwa trikomonasi hakuna mjadala: mwenza hutibiwa hata kama hana dalili yoyote, na wanaume wengi hawana. Mwanamke humeza metronidazoli miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, mwanamume gramu 2 mara moja, na wote hujizuia na tendo hadi wamalize na dalili ziishe. Apimwe pia VVU na kaswende siku hiyohiyo.

Si kila harufu hutoka kwa bakteria waliobadilishana makazi. Harufu ya kuoza, kali kuliko shombo, pamoja na uchafu wa kahawia kwa mtu asiye na historia yoyote, mara nyingi ni kitu kilichosahaulika ndani: tamponi, pamba, kipande cha kondomu, kitambaa kilichowekwa siku ya mwisho ya hedhi. Huondolewa kwa dakika moja na harufu huisha yenyewe. Homa ya ghafla, vipele vyekundu na kizunguzungu vikiambatana na kitu hicho ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kuna harufu ya vitambaa vya hedhi. Kitambaa kikifuliwa na kuanikwa chini ya godoro ili watu wasikione hakikauki, na huvaliwa tena kikiwa na unyevu na vijidudu. Kilowekwe kwanza kwenye maji ya baridi, kwani ya moto hushikisha damu, kifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe hadi maji yawe meupe, kianikwe juani hata kama ni chini ya khanga nyepesi, na kipigwe pasi. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Shule isiyo na maji wala mlango wa choo hulifanya jambo hilo lisiwezekane, na hapo wa kuulizwa si binti.

Kuna harufu ya mkojo. Mwanamke anayevuja mkojo au kinyesi mfululizo tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu ana fistula, na hakuna sabuni itakayomsaidia. Hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo. Akiwahi siku za mwanzo, tundu dogo linaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asifichwe ndani.

Yako mambo manne ambayo hatutaki mtu asubiri. La kwanza ni harufu mbaya baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Damu ya nifasi ina harufu yake ya kawaida ya damu. Ikinuka uozo, na joto likafika nyuzi 38, hayo ni maambukizi ya kizazi yanayoweza kuua kwa siku chache. Aende usiku huohuo.

La pili ni harufu ya kuoza pamoja na damu: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au damu kwa aliyekwisha kukoma hedhi. Saratani ya mlango wa kizazi hujitangaza hivyo ikiwa imekomaa, na wengi huja kwetu wakiwa wamemaliza miezi kadhaa ya "kusafisha". Kipimo cha kuiwahi ni rahisi. Asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, yaani siki nyepesi, hupakwa mlangoni mwa kizazi na kusubiriwa dakika moja. Sehemu zenye mabadiliko hugeuka nyeupe na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanapaswa kupimwa hata wasipokuwa na dalili, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi. (Siki hiyo hupakwa na mtaalamu kwa ajili ya kutazama. Mtu asije akasema gazeti limeruhusu siki.) Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14.

La tatu ni maji yenye harufu kwa mjamzito, hasa yakimwagika kabla ya uchungu. La nne ni mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Mtoto anaweza kuwa ameingiza shanga au karatasi, anaweza kuwa na minyoo au anajipangusa kutoka nyuma kwenda mbele. Anaweza pia kuwa ameingiliwa. Asioshwe kwa dawa wala kuulizwa kwa ukali. Apelekwe kituoni na nguo aliyokuwa amevaa, na namba 116, ya bure Tanzania na Kenya, hupokea taarifa za watoto.

Kuhusu usafi wa kila siku hatuna mengi. Maji, nje tu, mara moja au mbili kwa siku. Sabuni isiyo na manukato iishie kwenye mashavu ya nje. Kujisafisha chooni kuanze mbele kwenda nyuma, kisha kujikausha. Chupi ya pamba. Kidole hakina kazi ndani. Makungwi na masomo wetu, na wanaofundisha kwenye kichen pati, ndio wenye nguvu ya kulibadilisha hili kuliko sisi, kwa sababu bibi harusi huwasikiliza wao. Tunawaomba waliondoe somo la kujisafisha ndani na mahali pake waweke lile la karatasi ya pH.

Waganga wakuu wa wilaya nao tunawaomba wahakikishe kila zahanati yenye spekulamu ina roli ya karatasi hizo na chupa ya potasiamu haidroksaidi, ambayo chupa ndogo moja hutosha wagonjwa wengi kwa kuwa kila mmoja hutumia tone.

Nawe Ndugu Mhariri, nafasi moja ya matangazo ya kusafisha kizazi ingetosha kuchapisha, kila mwezi, orodha ya vituo vya mkoa na siku ambazo kila kimoja hupima mlango wa kizazi. Tuko tayari kuiandaa na kuileta ofisini kwako kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi.

Wako,
Wauguzi wakunga na wafamasia,
Tanga.